Bi Uzi na Majibu ya Wifi Yake

Katika chumba cha kujalidi vitabu hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bi Uzi. Alikuwa mtu wa mwisho pale kiwandani aliyeshona vitabu kwa mkono, na hata umbo lake lilikubaliana na kazi: mrefu, mwembamba, mkimya, mtu ambaye angeweza kupita katikati ya ugomvi bila kugusa upande wowote. Vitabu vikubwa visivyokubali gundi peke yake, rejesta za hospitali na majalada mazito ya mahakama, vililetwa kwenye meza yake karibu na dirisha. Alivishona taratibu, sindano ikiingia na kutoka, huku habari za wenzake zikimpita masikioni.

Sauti iliyompita masikioni kuliko zote ilikuwa ya wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika mpaka kwenye mashine za kuchapa. Bi Uzi ndiye aliyemwombea kazi pale, baada ya mumewe kuanguka kutoka kwenye ngazi akifunga nyaya za umeme na kuumia mgongo. Tangu hapo mume akawa mtu wa kukaa, na mshahara wa mke ndio uliowasha jiko. Kazi ya wifi ilikuwa kukunja. Alizichukua karatasi kubwa zilizotoka kwenye chapa, akazikunja na kuzilaza kwa kipande cha mfupa laini, tena na tena, mpaka zikawa kurasa.

Alipoanza, mikunjo yake ilikwenda kombo. Bi Uzi hakumsema. Pale kiwandani hapakuwa na desturi ya kumsema mgeni. Karatasi ikikaa upande kidogo, hupigi kelele. Unaisogeza kwa kidole gumba, unaligonga rundo mezani, unaendelea na yako. Mwisho wa yote kuna mashine ya kukata, itapunguza kingo, na kitabu kitatoka kimenyooka kana kwamba hakuna aliyekosea. Kila jioni, wifi yake akishaondoka, Bi Uzi alizikunjua karatasi zilizoharibika na kuzikunja upya mwenyewe, kimyakimya.

"Wifi, mbona wewe hunifokei?" mwenzake alimuuliza siku moja. "Wenzako wamenieleza walivyofundishwa na mabwana wakubwa wa zamani. Eti walichapwa na rula."

"Nikufokee nipate nini? Mkono utajua wenyewe."

Na kweli, mkono ulijua wenyewe. Haukupita muda mrefu, wifi akawa mkunjaji wa kutegemewa, naye hakujua ni karatasi ngapi zake zilizokunjwa upya na mtu mwingine. Bi Uzi aliliweka jambo hilo moyoni kama ushahidi. Aliamini amegundua namna ya kumfundisha mtu mzima bila kumwaibisha.

Halafu meneja akawakusanya. Alisimama juu ya kreti, akakohoa, akasema kuna mashine inakuja. Itakunja, itashona, itapaka gundi, yote yenyewe. Wafanyakazi wakatazamana. Kampuni, alisema, haitaki kumtupa mtu. Ofisi ya mbele inapanuliwa. Watahitajika watu wa kupokea oda, kukadiria kazi na kuhudumia wateja. Atakayetaka kwenda huko afanye mtihani wa kupima uwezo. Una sehemu tano: lugha, hesabu, mantiki, misingi ya biashara na maarifa ya jumla. Ni lazima kufaulu kila sehemu. Nafasi ni chache, idadi kamili haijaamuliwa. Wasiofaulu watalipwa haki zao na kuagwa vizuri mashine itakapofungwa.

"Kuagwa vizuri," alinong'ona fundi wa mashine ya kukata, ambaye wote walimwita Kisu. "Kama maiti."

Wifi hakucheka, na hilo peke yake liliwafanya watu wageuke.

Katika duka la vitabu la mtaa wa pili walikuta kitabu kimoja tu cha kujitayarishia mtihani wa namna ile. Kilikuwa kinene, kimechapwa vibaya, na nyuma yake kulikuwa na majibu ya mazoezi yote. Walikinunua pamoja, wakakileta kazini saa ya chakula, wakakitazama kama watu wawili wanaotazama samaki mmoja.

"Wewe unasoma Jumatatu, mimi Jumanne?" wifi alipendekeza.

"Na ukiwa katikati ya jambo?"

Kisu alikuwa akila amesimama. "Nyinyi mnafanya kazi wapi?" aliuliza. "Kwenye machinjio? Nileteeni hicho kitabu. Shemeji, shika huku. Mimi nimekata vitabu vya wakubwa, kitabu cha mtihani ndicho kitanishinda?"

Wifi, ambaye Kisu alimwita shemeji kwa utani, alikishika, naye akakivua jalada, akakipasua mgongoni kwa kisu kidogo cha mkono, kikatoka vipande vitatu. Kwanza lugha na maarifa ya jumla. Kisha hesabu, mantiki na biashara. Mwisho, kijitabu chembamba cha majibu. Bi Uzi alivishona vyote mchana uleule, wifi akavitilia majalada ya karatasi ngumu. Vilipendeza kuliko kitabu chenyewe.

Wakagawana. Wifi alichukua hesabu kwanza, kwa sababu ndiyo aliyoiogopa. Baadaye wangebadilishana. Kilipobaki kijitabu cha majibu, alikisukuma upande wa Bi Uzi kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa sahani ya pili asiyopaswa kula.

"Kaa nacho wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Mimi najijua, wifi. Nikikaa nacho nitachungulia. Nitafanya swali moja, nitachungulia matatu. Wewe huna roho hiyo. Mimi nitafanya mazoezi nyumbani, nitakuletea, utanisahihishia. Kosa likiwa kosa, niambie."

"Nitakuambia."

Ndivyo walivyokubaliana. Bi Uzi alikitia kijitabu ndani ya mkoba wake.

Siku iliyofuata wifi alileta kazi yake ya kwanza. Aliifanya kwenye vipande virefu vya karatasi vilivyoangushwa na mashine ya kukata, akavikunja vizuri na kuvitia katika mfuko wa aproni. Bi Uzi alichukua kalamu nyekundu, akasahihisha kwa haki. Makosa yalizidi majibu sahihi. Wifi alivitazama vile vipande kwa muda, akavilaza mezani, na machozi yakamtoka bila sauti. Kwa mtu aliyezoea kumsikia akicheka, kilikuwa kitu kigumu kutazama.

"Nilikuwa na mwalimu wa hesabu," alisema mwishowe. "Alikuwa ananisimamisha mbele ya darasa. Anawaambia wenzangu, haya, mtazameni, mkitaka jibu lililokosewa, muulizeni huyu. Wanacheka. Nilifurahi baba aliponitoa shuleni, unajua? Watu walidhani nalia kwa uchungu. Nilikuwa nalia kwa furaha."

Bi Uzi alifungua mkoba. Alimpa leso.

"Kichwa changu hiki ni cha kubebea ndoo tu," wifi alisema, akajifuta uso, akarudi kwenye karatasi zake.

Mchana ule wote Bi Uzi alishona akiyawaza maneno hayo. Aliiona ile kalamu nyekundu kama rula ya mabwana wa zamani. Akajiambia hataifanya tena kazi ya yule mwalimu. Kulikuwa na njia nyingine, njia aliyoijua, na ilikwisha kufanya kazi kwa mtu huyuhuyu.

Kesho yake wifi alileta vipande vingine, lakini alivitoa mfukoni kama mtu anayetoa barua ya deni. Lilikuwa zoezi la asilimia. Bi Uzi aliviangalia, akaangalia majibu. Swali moja liliuliza hivi: mchapaji anahitaji nakala mia tisa nzuri, katika kila uchapaji asilimia kumi huharibika, achape ngapi? Wifi aliandika mia tisa na tisini.

Kila mtu katika chumba kile angeandika hivyo. Msimamizi wao, kila oda ilipoingia, alipiga kelele kutoka mlangoni: "Ongezeni kumi kwa kila mia, za kuharibika!" Nao waliongeza kumi kwa kila mia, na mambo yakaenda, kwa sababu karatasi hazikuharibika nyingi kiasi hicho. Lakini kitabu hakikufanya kazi pale kiwandani. Kitabu kilitaka elfu moja. Ukichapa elfu, asilimia kumi ya elfu ikaharibika, unabaki na mia tisa kamili. Ukichapa mia tisa na tisini, unapungukiwa. Bi Uzi mwenyewe ilibidi alifikirie swali lile mara mbili ndipo alipoona kosa liko wapi. Wifi alitafuta asilimia ya kile kilichotakiwa, badala ya asilimia ya kile kilichochapwa. Na kosa hilohilo lilijirudia chini, kwenye swali la magunia yaliyolowa na swali la bei iliyoshushwa.

Alimtazama mwenzake. Wifi alikuwa amegeuza uso dirishani.

Bi Uzi akatia alama za vema. Zote.

"Zote?" wifi aliruka. "Wifi, usinitanie!"

"Zote."

"Kisu! Njoo uone! Shemeji yako amepata zote!"

Alichokisikia Bi Uzi hakikuwa hofu. Ilikuwa furaha. Alijiambia atayanyoosha polepole, kwa kidole gumba, bila mtu kusikia. Na alijaribu. Siku mbili baadaye, wakiwa wanakula, alisema kama anayepita njia:

"Lile swali la nakala mia tisa, kuna namna nyingine ya kulitazama. Unaanza na zile zilizochapwa..."

"Lakini yangu si ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa... ndiyo."

"Basi niache na yangu, wifi yangu. Usinichanganye. Kichwa ndiyo kwanza kimefunguka."

Naye akamwacha.

Mtu akidanganya mara moja huweza kujitoa. Bi Uzi aliliona hilo baadaye, alipokuwa na nafasi ya kutosha ya kuliona. Lakini yeye hakuwa na hisia ya mtu anayedanganya. Alikuwa na hisia ya mtu anayelea. Kwa sababu wifi alibadilika. Alisoma akisonga na mwiko, alisoma akimkanda mumewe mgongo. Alimsahihisha msimamizi wake mbele ya watu, na msimamizi akacheka. Nyumbani mume alianza kumwita "mama mkurugenzi", akimwagiza chai kwa heshima zote. Mantiki aliielewa kweli, wala Bi Uzi hakulazimika kumfunika. Maswali ya nani aliketi karibu na nani aliyajibu kabla hajamaliza kuyasoma. Biashara aliijua kama mtu aliyezaliwa sokoni. Vema nyingi alizopata zilikuwa halali yake. Ilikuwa ile asilimia tu, mahali palepale, kila mara.

Walipobadilishana vitabu, wifi alichukua lugha na maarifa ya jumla akisema hesabu amekwisha kuimaliza. "Ile nimeiweka kibindoni," alisema. Bi Uzi alipokea kile kitabu cha hesabu, akakisoma ukurasa kwa ukurasa, na kila alipofika kwenye asilimia aliona mwandiko wa penseli wa mwenzake ukingoni: mia tisa na tisini, na kando yake uso mdogo unaocheka.

Hapo ndipo angesema. Bado kulikuwa na muda. Alipanga maneno, akayapanga tena. Lakini kusema sasa kulikuwa kusema mambo mawili: kwamba hesabu ile ina kosa, na kwamba mimi niliyekaa na majibu nimekuwa nikikutazama ukikosea. Jambo la kwanza lilikuwa dogo. La pili lilikuwa limekua kila siku, na sasa halikupita mlangoni.

Siku moja kabla ya mtihani walitoka kazini pamoja. Wifi alikuwa amesuka nywele upya. Alimshika Bi Uzi mkono katikati ya barabara, magari yakipiga honi.

"Nikipita, ni wewe. Ujue hivyo. Nikianguka, ni mimi mwenyewe."

"Wifi, kuna kitu..."

"Vuka kwanza, tutagongwa!"

Wakavuka. Ng'ambo ya pili kulikuwa na jirani anayemsalimu wifi, akamuuliza habari za mgonjwa, wakaanza kucheka. Bi Uzi alisimama kando akishika mkoba wake kwa mikono miwili. Kisha akaaga.

Mtihani ulifanyika katika ukumbi wa mikutano wa kampuni, madawati yakiwa yametengana. Wifi aliketi safu ya mbele. Bi Uzi alimwona mgongo tu, mgongo mpana, uliotulia, wa mtu asiyeogopa. Sehemu ya hesabu ilipofunguliwa, alipitisha macho haraka. Maswali hayakuwa mengi, na karibu nusu yake yalikuwa ya namna ileile: hasara, punguzo, uharibifu. Walioutunga mtihani walijua wanatafuta mtu wa kukadiria kazi za chapa. Aliinua macho. Kule mbele, penseli ya wifi yake ilikuwa ikienda kwa kasi, bila kusita hata kidogo.

Matokeo ya mtihani hayakubandikwa. Afisa utumishi aliwaita mmojammoja ofisini kwake. Kisu aliingia akatoka akisema yeye na lugha wameachana rasmi, atakwenda kukata nyama kwenye bucha la mkwewe. Bi Uzi aliingia, akaambiwa hongera, na kwamba nafasi ziko zaidi ya moja. Wifi aliingia akiwa na kicheko chake, na alikaa humo muda mrefu.

Bi Uzi alimsubiri nyuma ya kiwanda, penye marobota ya vipande vya karatasi vinavyosubiri kuchukuliwa. Wifi alipotokea hakuwa analia. Alikuja moja kwa moja.

"Nimepita nyingine zote," alisema. "Nimeanguka hesabu."

"Wifi..."

"Nikamwambia yule bwana, haiwezekani, labda mmechanganya karatasi. Hesabu ndiyo ninayoijua. Akanionea huruma, akanitolea swali moja akanieleza. Amenieleza vizuri sana. Nimeelewa palepale, hata chai yake haijapoa." Akasogea karibu. "Nilifanya maswali ya namna ile mara ngapi, wifi?"

"Mengi."

"Na ukanitilia vema."

"Nilitia."

"Ulikuwa unajua?"

Bi Uzi angeweza kusema hakujua. Maneno yalikuwa mdomoni, mepesi, na wifi yake angeyaamini kwa furaha. Labda ndiyo maana hakuyasema.

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini?"

"Siku ile ya kwanza ulilia. Sikutaka uvunjike moyo."

Wifi alicheka, kicheko kifupi ambacho Bi Uzi hakuwahi kukisikia kwake.

"Moyo! Nani alikuambia moyo wangu ni wa glasi? Mimi namgeuza mwanamume mzima kitandani kila alfajiri. Leo nivunjwe na asilimia kumi? Nililia, ndiyo. Nilikuwa na haki ya kulia. Kesho yake si nilirudi? Nilirudi na karatasi mkononi, wewe umekaa hapohapo!"

"Nilidhani nitakunyoosha polepole. Kama kwenye kukunja. Ulipoanza, zile karatasi zako nilikuwa nazirudia jioni, nawe hukujua, na mwishowe..."

"Ulikuwa unazirudia?"

Bi Uzi aliona mara moja kwamba hakupaswa kulisema hilo. Lilitoka kama utetezi, likafika kama kosa la pili.

"Kumbe hata hiyo," wifi alisema polepole. "Miaka yote najisifu nilijifunza kukunja kwa wiki chache." Alitazama marobota, akatazama viatu vyake. "Na nafasi umepata wewe."

"Nafasi zilikuwa zaidi ya moja. Tungeingia wote. Sikukunyang'anya kitu."

"Hilo umelijua leo. Siku zile ulilijua?"

Hakulijua. Meneja alisema nafasi ni chache, basi. Bi Uzi alifungua mdomo aape kwamba wazo lile halikumpitia kamwe, akajikuta anaitafuta kila siku moja ya wiki zile, kila alama ya vema, akiuliza moyo wake ulikuwa na nini ndani, na hakuweza kuapa. Aliamini ilikuwa huruma. Lakini huruma ile ilimkalia vizuri sana. Ilimpa raha ya kuwa yeye ndiye anayejua, na mwenzake ndiye anayefurahi. Kama chini ya raha hiyo kulikuwa na kitu kingine, hakuwa na mwanga wa kukimulika.

Kimya chake wifi alikichukua kama jibu, akaondoka nacho.

Mashine ilikuja. Bi Uzi alihamia ofisi ya mbele, akapewa kiti cha kuzunguka na meza yenye kompyuta. Wateja waliuliza, akawakadiria: karatasi, rangi, uharibifu. Kila alipoandika kiasi cha uharibifu mkono wake ulisita, na mteja akadhani anamfikiria bei nzuri. Wifi alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, kukunja shuka. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa kiwandani. Bi Uzi alipeleka nyumbani kwao alichoweza, mdogo wake akapokea na kushukuru. Mkewe alisema "ahsante" na kwenda kuangalia jiko.

Hawakugombana mbele ya watu. Bi Uzi aliendelea kwenda kumwona mdogo wake siku za mapumziko, na wifi alimkaribisha, akamwekea chai, akamuuliza habari za kazi. Hakuna ambaye angeona kitu. Yeye aliona. Wifi hakumtania tena. Hakumuuliza tena nguo ipi inampendeza, wala kama chumvi imekolea. Mara ya mwisho Bi Uzi aliposifu mapazia mapya, wifi aliyatazama mapazia yake kwa mashaka, kama mtu aliyeambiwa yana doa, na wiki iliyofuata hayakuwepo.

Siku moja alikuta binti yao, aliyekuwa darasa la sita, amelala kifudifudi mkekani na daftari la hesabu. Mume alikuwa amesinzia kwenye kiti. Wifi alikuwa uani anaanua nguo, mlango ukiwa wazi.

"Shangazi, njoo uniangalizie. Kesho tunakusanya."

Bi Uzi alitupa jicho uani. Wifi alikuwa amesimama na shati mkononi.

"Mpelekee mwalimu wako shuleni, mwanangu," wifi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Atakusahihishia huko."

"Mama, mwalimu anachapa alama tu, haelezi! Shangazi anafanya kazi ya hesabu!"

Wifi hakujibu. Binti alichukulia ni ruhusa, akamsukumia shangazi yake daftari.

Bi Uzi alikaa mkekani, akakunja miguu. Maswali yalikuwa ya sehemu. La kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu msichana alijumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, akapigia jibu mstari kwa rula, mistari miwili, kwa fahari. La nne vivyo hivyo, na la tano. Alikuwa akimtazama shangazi yake usoni, ametabasamu tayari, meno ya mbele yakionekana.

Uani hakukusikika mtikisiko wa nguo.

"La tatu umekosa," Bi Uzi alisema. Sauti ilimtoka kavu, kubwa kuliko alivyotaka. "La nne pia. Na la tano."

Tabasamu la msichana lilishuka. Midomo ikaanza kutetemeka. "Lakini nilifanya jioni yote..."

"Najua. Umekosa yote matatu, kosa moja tu. Lete penseli nikuonyeshe."

Msichana alilivuta daftari, akaficha uso kwenye mkono, mabega yakamtikisika. Baba yake aliamka kitini akauliza kuna nini. Bi Uzi alibaki na mkono hewani. Alitaka kumshika msichana bega, kumwambia si neno, kumwambia umekaribia sana. Hakumwambia. Alingoja.

Baada ya muda msichana alifuta pua kwa mkono wa nguo, akanyoosha penseli bila kumtazama.

Kivuli kilifika mlangoni. Wifi alisimama hapo na kapu la nguo kiunoni, akimtazama binti yake, kisha shangazi ya binti yake. Uso wake haukuwa na hasira.

"Kumbe unaweza," alisema.

Akapita na kapu lake chumbani, akaanza kukunja nguo. Bi Uzi aliishika penseli. Ilimchukua muda kabla hajaanza, kwa sababu namba zilikuwa hazionekani vizuri, na msichana alikuwa anamngoja.